Nukta Elfu za Elimikani

Nchi ya Elimikani ipo, na anayebisha na akamuulize Daktari Sauda Shekiondo, aliyekaa huko siku thelathini na nne akarudi na akili zake zote. Njia ya kwenda haina haja ya kusimuliwa. Ukiwa na barua ya mwaliko unafika. Usipokuwa nayo, hata ukiizunguka dunia mara mbili utapita pembeni.

Sauda alikuwa daktari wa familia katika kituo cha afya kimoja kule milimani Usambaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwatibu watu wa nyumba zilezile, babu, mwana na mjukuu, hata akaweza kujua kwa hatua za mtu koridoni kama goti limepona au bado. Wagonjwa walimpenda. Fomu ndizo zilizomkataa. Kila mwisho wa mwaka ilikuja fomu ya kuuliza amehudhuria mafunzo gani ya kujiendeleza, na kila mwaka Sauda aliona aibu kuijaza. Semina zilikuwa mjini, na akienda mjini kituo kilibaki na muuguzi mmoja, na homa ya mtoto haingoji semina ifungwe. Kwa hiyo alijifunza kwa namna yake. Jambo lililomshinda mchana aliliandika kwenye daftari, na kila Alhamisi jioni yeye, muuguzi na mtu wa maabara walijifungia chumba cha chanjo, wakapekua vitabu, wakatafuta kwenye simu, wakabishana mpaka jibu lipatikane. Lakini fomu haikuwa na kisanduku cha kuandika kwamba tulijifungia tukabishana. Mwaka ule alipata alama kumi na moja, wenzake wa mjini walikuwa na sitini.

Ndipo ilipoletwa barua. Elimikani, nchi inayosifika kwa madaktari wa familia walioelimika kuliko wote duniani, ilikuwa tayari kumpokea daktari mmoja aliyeachwa nyuma na elimu. Mkubwa wake wa kazi aliisoma, akamtazama Sauda juu ya miwani.

"Nenda, mama. Nitakuletea mtu wa kukushikia kituo. Labda huko watakunoa."

Sauda akaenda, na moyoni alikuwa na furaha ya kweli, kwa maana tangu ujana wake hakuna kitu alichokipenda kama kujua jambo ambalo jana hakulijua.

Aliyempokea alikuwa Daktari Zamda, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye macho mepesi ya kucheka. Sauda alimsikia kabla hajamwona, maana alikuja akilia chakara-chakara kama kundi la mbuzi wenye kengele. Koti lake jeupe lilikuwa limeshonewa vifungo vidogo vya madini ya risasi, mbele, nyuma, mikononi, hata kwenye kola, na uzito wake ulimfanya atembee ameinama kama mpagazi wa chumvi.

"Usishtuke, dada," alisema Zamda akipumua kwa nguvu. "Hizi ni nukta. Kila mhadhara mmoja, nukta moja. Ninazo mia tisa tisini na sita."

"Na ukifika ngapi?"

"Elfu. Nikifika elfu nitaruhusiwa kumwona mgonjwa." Alitabasamu kama bibi harusi. "Bado nne tu. Ijumaa ijayo, Mungu akipenda."

Sauda alidhani hakusikia vizuri. "Umemaliza chuo lini, mdogo wangu?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Na hujawahi kumshika mgonjwa?"

"Nitamshikaje bila elimu?" Zamda aliuliza kwa mshangao wa dhati. Kisha akaeleza, bila haraka, kwamba nukta hufa baada ya miaka mitatu, kwa hiyo mtu hujaza huku akivuja. Wapo waliozeeka ukumbini.

Mgeni naye akapewa koti lake. Lilikuwa jepesi kama kanzu ya Idi, lina nukta kumi na moja kifuani, na kila waliyepishana naye njiani alimpa pole.

Ukumbi Mkuu wa Elimikani ulikuwa jengo la kuta nene, na juu ya mlango yaliandikwa kwa herufi za dhahabu maneno ELIMU HAINA MWISHO. Chini yake, kwa herufi ndogo zilizohitaji miwani, sheria ikaendelea: *na kwa kuwa haina mwisho, kazi haina mwanzo ila kwa kibali.* Ndani walikaa madaktari mia tatu. Siku hiyo mada ilikuwa "Namna ya Kumtazama Mgonjwa Usoni," na mhadhiri aliitoa akiwa amewapa watu kisogo kwa sababu alikuwa akisoma ukutani. Mgonjwa wa mfano alikuwa mto wa pamba uliofungwa kanga. Daktari mmoja mwenye mvi aliinua mkono akauliza mto ule una umri gani. Mhadhiri akasema swali ni zuri sana, na mia tatu wakaliandika.

Baadaye ulizuka mjadala kama daktari anayesinzia wakati wa mhadhara anastahili nukta nzima au nusu. Upande mmoja ulisema elimu huingia kwa masikio, na masikio hayafumbwi. Upande mwingine ulisema basi hata mto upewe nukta. Mwisho Msajili Mkuu, Bwana Lakiri, aliamua kwamba anayesinzia apewe nzima, ila anayekoroma apewe nusu, kwa kuwa anawanyang'anya jirani zake elimu yao.

Bwana Lakiri alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye nukta elfu tatu. Koti lake lilishikiliwa mkiani na wazee wawili walioajiriwa kwa kazi hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba siku madaktari watakapokuwa wamejifunza vya kutosha, ugonjwa wenyewe utaona haya na kuondoka.

Na tuseme haki: si mihadhara yote ilikuwa ya upuuzi. Mwezi ule ulikuwa Mwezi wa Masikio, maana huko kila mwezi una kiungo chake, na siku ya nne alipanda jukwaani bibi mmoja aliyeeleza juu ya kizunguzungu kinachotoka ndani ya sikio, na jinsi ya kukilaza kichwa cha mgonjwa upande huu na kukigeuza upande ule, pole pole, mpaka dunia iache kuzunguka. Sauda akaandika kurasa sita. Alikuwa akimkumbuka Mama Sechonge wa kwao, aliyetembea miaka mitatu akishika kuta. Alipopokea nukta ya mhadhara ule aliishika kiganjani kwa shukrani.

Lakini alipotoka nje aliona foleni.

Foleni ya Elimikani ilianzia mlango wa Zahanati ya Taifa, ikapita soko, ikazunguka uwanja wa mpira, ikapanda kilima na kushuka upande wa pili. Ilikuwa imekaa miaka mingi hata ikaitwa Mtaa wa Foleni na kujengwa nyumba. Watu walichumbiana humo. Wazee waliwarithisha wanao namba zao. Kila baada ya siku chache daktari fulani alifika nukta elfu, ngoma ikapigwa, akaingia zahanati kwa shangwe, akamtibu mtu mmoja kikohozi. Hapo sheria ikamvua nukta moja, kwa kuwa muda ule aliomtazama mgonjwa hakuwa akijifunza, naye akabaki na mia tisa tisini na tisa, akarudi ukumbini. Foleni ikasogea hatua moja, watu wakapiga makofi.

Siku ya sita Sauda alikuwa akipita Mtaa wa Foleni na Zamda, wanakwenda kunywa chai, alipomwona mwanamume mmoja kibarazani kwake akigonga kitu kwa nyundo. Nyundo ikamponyoka. Akaiokota, akagonga, ikamponyoka tena. Mara ya tatu mkono wenyewe ulilegea kwenye kifundo ukaning'inia kama jani la mgomba lililopigwa jua. Sauda akasimama.

"Dada, tunachelewa," Zamda alisema.

"Nenda, nakuja."

Mwanamume yule aliitwa Fundi Mbaruku. Ndiye aliyekuwa akitengeneza nukta za nchi nzima, miaka kumi na sita sasa. Uso wake ulikuwa umepauka, na alipoulizwa habari hakusema nzuri.

"Tumbo, mama. Linanikata hapa, kesho pale, halina mahali. Choo napata kwa wiki mara moja. Namba yangu ni elfu nne mia mbili na sita."

Karani wa foleni, aliyekuwa akipita na kitabu chake, alidakia: "Tumbo ni mwezi wa saba, Fundi. Ungekuwa na sikio ningekusogeza."

Sauda alimwambia karani aende salama. Akaingia ndani, akamlaza Fundi kwenye mkeka, akamshika tumbo kwa mikono miwili, akamuuliza maswali kwa nusu saa. Zamda alibaki mlangoni amejiziba mdomo, kama mtu anayemwona mwenzake akitembea juu ya paa. Mwishoni Sauda aliamua kuwa ni vidonda vya tumbo. Akampa vidonge kutoka mkobani mwake, akamwambia ale mara kwa mara na apunguze pilipili. Alitoka amejaa raha ya kazi, raha aliyoikosa wiki nzima.

Siku tatu baadaye Fundi Mbaruku alikuwa vilevile, na zaidi. Alikuwa amejikunja kama mdudu aliyeguswa.

 Usiku Sauda aliutumia kujiuliza. Mchana aliutumia kuandika kwenye daftari: *Tumbo lisilo na mahali. Mkono wa kulia. Kwa nini mkono? Vidonda haviwezi kushika mkono. Nilimwona mtu, sikuiona nyumba yake.* Kwao asingefanya kosa hilo, kwa kuwa kule nyumba zote alizijua. Asubuhi akamwomba Zamda wafuatane.

"Mimi sitagusa," alisema Zamda. "Nitasimama tu. Bado mbili, dada. Nimebakiza mihadhara miwili, basi."

"Simama tu."

Safari hii Sauda hakuishia sebuleni. Alimwomba Bi Salha, mke wa Fundi, amwonyeshe nyumba yote, na mama yule, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, akamwongoza mpaka chumba cha nyuma. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia ili vumbi lisichafue kazi. Juu ya jiko la mkaa sufuria ilikuwa ikichemka, na ndani yake risasi iliyeyuka iking'aa kama maziwa ya fedha. Hewa ilikuwa nzito, yenye ladha ya chuma ulimini. Kando yake kulikuwa na kikapu cha nukta mbichi ambazo Bi Salha alikuwa akizisugua kwa vidole, na pembeni ya kikapu, sahani ya mihogo iliyoliwa nusu.

"Mnakula humuhumu?" Sauda aliuliza.

"Tutakula wapi? Nukta zinatakiwa mia nne kwa siku. Madaktari wanasoma sana."

Nyuma yao Zamda alianza kusema. Alisema kwa sauti ya mtu anayeghani, macho ameikodolea sufuria, maneno ya mhadhara aliousikia mara nne kwa nukta nne: "Sumu za Karakana, sehemu ya pili. Madini ya risasi. Huingia kwa moshi na kwa mikono isiyonawiwa. Maumivu ya tumbo yasiyo na mahali maalumu. Choo kigumu. Upungufu wa damu. Mkono hulegea kifundoni. Na kwenye ufizi, mpakani na meno, huonekana mstari wa rangi ya…"

Macho yake yakahamia kwenye vidole vya Bi Salha.

"Endelea," Sauda alimwambia taratibu.

"Buluu iliyoiva. Karibu na weusi."

Wakarudi alikolala Fundi. Sauda akapiga magoti upande mmoja wa mkeka, akamtazama Zamda aliyesimama.

"Huo mstari mimi sijawahi kuuona maisha yangu yote, mdogo wangu. Nikiutazama sitajua ni huo au ni tumbaku. Wewe ndiye unayejua kinachotafutwa."

"Nikimgusa watanivua zote. Miaka tisa, dada!"

"Najua. Sikulazimishi. Nitamfungua kinywa mwenyewe, nawe utazame kwa mbali."

Fundi Mbaruku alifungua jicho moja. "Jamani," alisema kwa sauti dhaifu, "mkimaliza kuamua mniamshe."

Zamda akacheka, bila kupenda, na kicheko kile ndicho kilichompigisha magoti. Akajifuta kidole kwa spiriti ya Sauda mara tatu, akakinyanyua kidogo mdomo wa Fundi. Ulikuwa mdomo wa kwanza wa mgonjwa aliougusa maishani. Akainamisha kichwa, nukta zake zikamwangukia Fundi kifuani chakara. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Upo," alinong'ona. "Dada, mstari upo. Upo kama walivyosema!" Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. "Ni kweli! Vitu walivyosema ni kweli!"

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Jiko lilizimwa. Fundi, mkewe na binti zao wawili wakahamishiwa kwa dada yake Bi Salha, nguo zao zikafuliwa, mikono ikasuguliwa mpaka kwenye kiwiko. Ilibaki dawa ya kuikamata risasi mwilini na kuitoa kwa mkojo, na Zamda alijua jina lake, vipimo vyake na hatari zake, vyote kwa kichwa. Bohari ya dawa ya Elimikani ilikuwa imejaa hadi darini, kwa kuwa hakuna aliyeandika dawa. Mtunza bohari, mzee aliyekaa peke yake humo miaka na miaka akifuta vumbi na kubadilisha vilivyoisha muda, aliposikia ombi aliwauliza mara mbili kama wanatania. Kisha akakimbia, akarudi na kichupa, akakikabidhi kwa mikono yote miwili. Kibali alisahau kabisa kukiomba.

Siku ya tano ya dawa tumbo la Fundi lililegea. Siku ya nane akaomba ugali. Binti zake walipimwa damu nao wakaanzishiwa dawa, na mdogo, aliyekuwa akiitwa mvivu shuleni, alianza kuwachosha watu kwa maswali. Bi Salha alimletea Sauda kuku mzima wa kupaka.

"Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone," alisema, "lakini kusema kweli nilidhani ni maneno tu ya kuwakaribishia wageni chai."

Siku ya tisa ikaja hati ya kuitwa mbele ya Baraza la Nukta.

Ukumbi ulijaa, na safari hii hakuna aliyesinzia. Bwana Lakiri aliketi juu, wazee wake wawili wakishikilia mkia wa koti. Alionekana mwenye huzuni ya kweli.

"Daktari Sauda Shekiondo, mwenye nukta kumi na tisa," alisoma, kwani mihadhara minane ilikuwa imemwongezea. "Umemtibu mtu bila elimu. Tena kwa kosa. Ulisema vidonda vya tumbo."

"Ni kweli, mheshimiwa. Nilikosea."

Ukumbi ukavuma. Katika Elimikani hakuna aliyewahi kusikia daktari akisema neno hilo, kwa kuwa asiyetibu hakosei.

"Halafu?"

"Halafu nikarudi kwake. Nikaona nyumba. Nikajifunza."

Hapo akainuka mjumbe mzee, Bibi Mwanasha, yule aliyefundisha juu ya kizunguzungu. "Naomba neno hilo liandikwe," alisema. "Anasema alijifunza. Nauliza Baraza: alijifunza kwa nani? Kama ni kwa mgonjwa, basi kumtazama mgonjwa ni kujifunza. Na kama ni kujifunza, tumekuwa tukiwavua watu nukta kwa kosa la kusoma."

"Haiwezekani!" alisema Bwana Lakiri. "Mgonjwa hana cheti cha ualimu."

"Na kama hakujifunza kitu kwake," Bibi Mwanasha aliendelea kana kwamba hakusikia, "basi na atueleze aliujuaje mstari wa buluu."

"Huo niliambiwa na Daktari Zamda," alisema Sauda, "naye aliusikia humu humu ukumbini. Mheshimiwa, mimi sisemi mihadhara ni mibaya. Bila mhadhara wenu Fundi angekufa mikononi mwangu nikimpa vidonge vya vidonda. Lakini mhadhara ulikaa miaka kwenye kichwa cha huyu binti kama mbegu ghalani. Ilibidi mtu augue mbele yake ndipo uote."

Bwana Lakiri alimgeukia Zamda. Aliuliza kwa upole kama ni kweli amegusa, akiwa na mia tisa tisini na nane. Zamda akasema ni kweli, kwa kidole hiki. Sheria ilikuwa wazi. Wakaja makarani wanne na mikasi, wakaanza kukata. Nukta zilidondoka sakafuni kama mvua ya mawe, na ilichukua muda mrefu. Ilipodondoka ya mwisho Zamda alijinyoosha, na ndipo wote walipogundua jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata yeye: alikuwa mwanamke mrefu sana.

"Nani atatengeneza nyingine?" iliuliza sauti mlangoni.

Alikuwa Fundi Mbaruku, ameegemea bega la mkewe. "Nimekuja kuwaambia nimeacha. Mimi na wanangu tumekula hizo nukta zenu miaka kumi na sita. Atakayezitaka achemshe mwenyewe."

Hapo palikuwa na fujo. Wengine walilia. Daktari mmoja alizikumbatia zake kifuani kama mwana. Bwana Lakiri alisimama, mara akaketi, kwa kuwa wazee walikuwa wameachia mkia wa koti kwa mshtuko na uzito ukamrudisha kitini.

"Bila nukta," alisema, "tutamjuaje aliyeelimika?"

Bi Salha, asiyependa maneno mengi, alijibu kutoka pale pale. "Sisi wa foleni huwa tunajua. Hamjatuuliza tu."

Baraza lilijifungia siku tatu. Lilipofunguka lilitoa amri mpya, na kwa kuwa ni Baraza la Elimikani, amri iliruka kutoka shimo hili hadi lile. Ilisema mgonjwa ni somo. Kwa hiyo kila mgonjwa mmoja ni nukta moja, ya udongo wa kuchoma. Asubuhi iliyofuata madaktari mia tatu walishuka Mtaa wa Foleni kwa mbio. Kufikia adhuhuri foleni yote ya miaka mingi ilikuwa imekwisha. Kufikia alasiri wagonjwa walikuwa hawatoshi, na madaktari wakaanza kubisha hodi majumbani. Muuza mkaa mmoja mwenye afya ya ng'ombe alikimbizwa na wanne mpaka akapanda paa la msikiti, akawa anapiga kelele kwamba hana hata mafua. Watu waliokohoa kwa bahati mbaya walijificha. Bwana Lakiri mwenyewe, aliyekuwa hajamshika mgonjwa tangu ujana, alionekana sokoni akimpima shinikizo la damu muuza samaki kwa uso wa mtu aliyeonja embe baada ya miaka thelathini.

Sauda alicheka mpaka akaketi chini.

"Watatulia," alisema Bibi Mwanasha, aliyekuwa ameketi kando yake. "Mtu aliyefungwa sana akifunguliwa hukimbia kwanza, kutembea baadaye. Wiki mbili tatu, watakuja kuniuliza maswali. Na safari hii yatakuwa maswali."

Ikawa hivyo. Madaktari walipowaona wagonjwa wengi waligundua ni mangapi hawayajui, na wakaanza kurudi ukumbini mmoja mmoja, kila mtu na jambo lake lililomkaba kooni. Hawakukaa tena kwa safu. Walikaa kwa makundi, wakabishana. Aliyeuliza habari za mto hakuuliza tena. Aliuliza juu ya bibi mmoja wa Mtaa wa Foleni mwenye miguu iliyovimba, na alimtaja kwa jina. Wengine waliendelea kuhesabu nukta zao za udongo, kwa kuwa hakuna nchi isiyo na watu wa namna hiyo, na Sauda hakuona sababu ya kuwasema.

Siku ya thelathini na nne alifunga mkoba. Ulikuwa na kurasa mia moja na kumi za masikio, jina la dawa ya risasi, na kuku wa safarini kutoka kwa Bi Salha. Huko Elimikani, kama kwetu, mgeni husindikizwa mpaka mpakani, na akiwa mgeni wa heshima hupelekwa na mwenyeji wake hatua kwa hatua. Kwa hiyo Sauda alipitia barazani kwa dada yake Bi Salha, mahali Zamda alipokuwa ameweka meza, benchi na beseni la kunawia. Hakuwa na nukta hata moja, ya risasi wala ya udongo. Benchi lilikuwa limejaa watu.

"Mdogo wangu, naondoka," Sauda alisema.

Zamda aligeuka, akasimama nusu, akatazama njia ya mpakani, kisha akatazama benchi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayevutwa mikono miwili na watu anaowapenda.

"Dada, unisamehe," alisema. "Sitaweza kukusindikiza. Kuna watu wananisubiri."

Sauda alitaka kujibu, ila alikuwa amechelewa. Mwenzake alikuwa ameshainama kwa mzee mmoja mgumu wa kusikia, akimuuliza maumivu yalianza lini, na akingoja jibu.